Ukuta wa Mama Jirani

Simu ililia saa 11 alfajiri, Mei 2017, masika yamekolea. Mlinzi wa saiti hata hakunisalimia. "Bosi, ukuta wa jirani umeingia kwenye msingi wetu."

Nilifika Mwananyamala giza halijatoka. Mtaro wa msingi tulioushusha mita moja na nusu ulikuwa umejaa tope, na juu ya tope yamelala matofali ya ukuta wa nyuma wa jirani. Chumba cha uani kilibaki wazi, kitanda na chandarua vinanyeshewa. Mpangaji wake, kijana fundi cherehani, alikuwa kibarazani na mkono umefungwa khanga. Ulikuwa umevunjika. Cherehani yake ilikuwa chini ya kifusi.

Mama mwenye nyumba, mjane aliyekuwa akiwauzia vibarua wangu chai na maandazi tangu siku ya kwanza, alisimama mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sasa?"

Kwetu, hapo mtu husema: nimekosa mama, nitajenga, nitalipa. Maneno yalikuwa yameshafika mdomoni. Nikayameza.

Miezi miwili nyuma, mteja aligoma kusaini mkataba mpaka nilete bima ya kazi. Mimi mkandarasi mdogo, nilitaka karatasi ya bei ya chini kabisa ili nianze kuchimba. Dalali wa bima, dada mmoja makini sana, alikataa kuniandikia akiwa ofisini. Alikuja na mabuti, akatembea mpakani.

"Mtachimba umbali gani na ukuta huu?"

"Mita moja."

Akanifungulia hati. Sehemu ya kwanza hulinda kazi yenyewe. Ya pili ni dhima kwa mtu wa tatu, yaani yeyote asiye mwajiriwa wangu atakayeumia au kuharibiwa mali kwa sababu ya kazi yangu. Vibarua walikuwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Jirani hana mfuko huo. Lakini ndani ya sehemu ya pili kulikuwa na mstari ambao peke yangu nisingeusoma: hasara itokanayo na mtikisiko, au na kudhoofika kwa udongo ulioshikilia jengo la jirani, hailipwi mpaka uombe nyongeza. Fikiria, mtu anayechimba msingi mjini, hatari yake kubwa kabisa ndiyo iliyoachwa nje!

Nyongeza ilinigharimu laki 2, tena kwa kunung'unika. Sharti lake lilikuwa ripoti ya hali ya nyumba ya jirani kabla ya koleo kugusa ardhi. Tulipiga picha kila ufa, futi kamba pembeni. Mama akasaini, na mjumbe akasaini.

Hati hiyo hiyo ilisema: ajali ikitokea, usikiri kosa, usiahidi malipo bila ridhaa ya kampuni ya bima. Ndiyo maana nilisimama mbele ya mama yule kama bubu. Mwishowe nikasema, "Pole sana mama. Kijana anakwenda hospitali na gari langu sasa hivi. Mengine naomba uniachie hadi kesho."

"Kesho ya makandarasi naijua," akasema, akaingia ndani.

Maneno yale yaliniuma kuliko hasara. Tulisimamisha mirunda kuzuia ukuta uliobaki, tukavuta maji kwa pampu, na kabla ya adhuhuri taarifa ya maandishi ilikuwa imefika kampuni ya bima. Hati ilinipa siku 14. Nilitumia saa 7.

Mtathmini wa hasara wa bima alikuja siku ya tatu. Wiki ya pili ikaja barua ya wakili aliyetafutwa na mpwa wa mama, ikidai nyumba nzima, milioni 60. Kwenye akaunti nilikuwa na milioni 4, na mkopo wa mikseri ulikuwa haujafika hata nusu. Usiku ule sikulala. Lakini kampuni ya bima ilimweka wakili wake kujibu, kwa gharama yake, nikaanza kuelewa nilichokuwa nimenunua. Picha za Machi zilionyesha nyufa za mbele zilikuwepo kabla yetu. Hatimaye wakakubaliana: ukuta wa nyuma na vyumba viwili vijengwe upya, matibabu, cherehani mpya, na siku ambazo kijana hakushona. Jumla milioni 17. Milioni 1 ya kwanza, sehemu ambayo mwenye bima hujibebea, nilitoa mimi.

Malipo yalichukua wiki 9. Wiki hizo zote nilipita mlangoni kwake kila asubuhi, nikiamkia, naye akijibu bila kuinua macho. Chai haikuuzwa tena kwa vibarua wangu.

Siku tunapiga plasta ya mwisho alitoka na chupa ya chai, akaiweka juu ya tofali. Akaupapasa ukuta kwa kiganja, kisha akaniuliza, "Siku ile ulininyamazia kwa nini?"

Nilikwenda kwenye gari, nikaleta hati, nikamsomea kile kipengele, na kingine kinachosema mtu wa tatu ndiye yeye. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ungenisomea tangu siku mliponiletea karatasi ya kusaini."

Sikuwa na jibu. Saiti iliyofuata ilikuwa Tabata. Kabla ya kushusha koleo nilibisha hodi nyumba tatu za mpakani, hati mkononi, nikaomba kigoda.