Siku moja maishani mwangu: mchonga maboga wa Anoka

Saa kumi na moja alfajiri. Nje barafu nyembamba imelala juu ya kioo cha gari. Nakunywa chai ya tangawizi nikiwa nimesimama, kisha natia betri sita ndani ya koti, karibu na mwili. Betri ya mashine ikilala garini usiku kucha kwenye baridi ya Minnesota, haifiki adhuhuri.

Mimi ni fundi wa nakshi. Nimezaliwa Lamu, na mjomba ndiye aliyenifundisha kushika patasi, tukichonga milango ya watu. Huku Marekani natengeneza makabati ya jikoni mwaka mzima, isipokuwa mwezi wa kumi. Mwezi huo nachonga maboga ya Halloween, ile sikukuu ya usiku wa tarehe 31 Oktoba ambapo watu huweka nje maboga yaliyochongwa na kuwashwa taa ndani, kwenye shamba moja nje ya mji wa Anoka. Nyumbani wakiona picha hudhani ni mchezo wa watoto. Ndiyo maana naandika.

Anoka hujiita mji mkuu wa Halloween duniani, na una sababu. Mwaka 1920 wazee wa mji walichoka na vijana waliokuwa wakifungulia ng'ombe usiku ule na kupaka madirisha ya watu sabuni, wakaanzisha gwaride la kuwashughulisha. Hadi leo watu hujaa barabarani. Mkulima wa hapa, Travis Gienger, mwaka 2023 alipeleka boga la pauni 2,749, yaani kilo 1,247 hivi, mpaka Half Moon Bay, California, likavunja rekodi ya dunia ya wakati huo. Kwa hiyo usilete boga lililochongwa ovyo kwenye mji huu.

Leo ni Ijumaa, kesho ni gwaride. Kwenye banda kuna maboga 40 yanatusubiri, mimi na kijana mmoja wa Bukavu, Kongo.

Kuanzia saa moja hadi saa nne ni kutoboa na kukwangua tu. Silikati boga juu kwenye kikonyo. Nalitoboa chini kwa jigsoo, ule msumeno mdogo wa umeme ambao meno yake hupanda na kushuka. Kikonyo kikibaki kizima, boga linabaki na sura yake, na maji hayatuami ndani. Kijana anafuata na drili iliyofungwa chuma cha kukwangulia. Nyuzi na mbegu zinaruka mpaka kwenye miwani. Sakafu inateleza, ndiyo maana mashine zetu zote ni za betri: waya wa umeme na maji ya boga havikai pamoja.

Saa nne unaanza ufundi wenyewe. Nashika Dremel, kimashine cha kushika kama kalamu, chenye kijino kinachozunguka kwa kasi. Siri ya picha kwenye boga ni unene wa ukuta wake. Ukiondoa ganda peke yake, taa ikiwashwa ndani unapata rangi ya kahawia iliyokolea. Ukizama kidogo, inakuwa ya chungwa. Ukikaribia kutokea upande wa pili, inang'aa njano. Kwenye mlango wa mbambakofi kivuli kinatoka nje, juani. Kwenye boga mwanga unatoka ndani, kwa hiyo nachonga nikiwaza kinyume. Kila baada ya dakika chache nazima taa ya banda, natia taa ndogo ndani ya boga, naangalia, narudi. Mashine haijui pa kusimama. Mkono ndio unaosikia mlio ukibadilika pale ukuta unapokuwa mwembamba.

Saa nane akaja yule bwana.

Alikuwa ameagiza bundi. Bundi alikuwa tayari, manyoya yote, na nilikuwa nimempaka mafuta ya Vaseline kwenye kingo asisinyae. Akamtazama, akatoa simu, akasema amebadili nia: anataka uso wa mbwa wake aliyekufa. Nilimpa pole, kwa sababu niliona macho yake. Nikachukua boga jingine, nikatoboa upya, nikakwangua, nikabandika karatasi ya picha na kuitoboa kwa sindano nukta kwa nukta. Muda wote amesimama begani kwangu. "Mbona bei kubwa, na mashine ndiyo inayofanya kazi?" Sikujibu. Nilipofika kwenye macho akataka yang'ae zaidi. Nikamwambia, bwana, hapa katikati ya macho pamebaki unene wa kidole kidogo, tukizidisha patakatika. Akasema zidisha. Nikazidisha kidogo. Akasema bado.

Pakakatika. Kipande chote cha pua kikaingia ndani ya boga.

Akanyamaza, kisha akaniuliza kwa nini nimeharibu mbwa wake. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi kwa mtetemo, mgongo unawaka. Kijana wa Bukavu akaniambia taratibu, "Yaya," ndivyo kwao wanavyomwita ndugu mkubwa, "keti kwanza." Sikuketi. Nilikitoa kile kipande, nikakichoma vijiti vya meno vitatu, nikakirudisha mahali pake kama zinavyoungwa mbao kwa vigingi, nikasawazisha ufa kwa Dremel mpaka ukawa mstari wa manyoya. Nilipowasha taa, mbwa alikuwa anamtazama. Bwana akafuta macho. Halafu akaenda kwa msimamizi akaomba apunguziwe nusu, na msimamizi akampunguzia. Hilo bado linaniuma.

Baada ya hapo sikuangalia saa tena. Jua lilizama, betri mbili zikafa, tukazipasha chini ya makwapa. Mama mmoja aliyekuja na watoto akaniuliza kama kwetu tuna Halloween. Nikamwambia hapana, lakini hata huku ililetwa na wageni: Waairishi walikuwa wakichonga tanipu, mboga ya mzizi wa mviringo, kwao, walipohamia wakakuta boga. Watoto wakataka kushika kimashine. Nikawaonyesha kikiwa kimezimwa.

Boga la 40 tulilimaliza usiku. Tukaosha kila kitu kwa maji yenye jiki kidogo ili ukungu usiwahi. Hata hivyo baada ya wiki moja yote yatakuwa yameoza, na nalijua hilo kila ninapoanza mstari wa kwanza.

Saa tatu usiku kwangu ni saa kumi na moja alfajiri Lamu. Mama alikuwa ameamka kwa sala. Nikamtumia picha ya mbwa. Akaitazama muda mrefu.

"Mashaallah, mwanangu. Mkono ni wa mjomba wako huo." Kisha: "Na nyama ya boga mmeipika?"

Nikamwambia tumewapa ng'ombe wa shamba, ndoo kumi na moja. Akashusha pumzi. Akaniagiza nichukue angalau moja, lile dogo tamu, nilipike kwa nazi na iliki kidogo kama yeye. Ninalo hapa kwenye kiti cha gari. Bado halijaguswa na mashine.