Baraza la Castle

Jana, baada ya swala ya alasiri, nilitoka Mapembeni kwa miguu nikishuka Barabara ya Moi, na nilipofika mbele ya hoteli ya Castle, hapa Mombasa, nikasimama. Bango lake siku hizi linasema Castle Royal, lakini sisi tuliozaliwa kisiwani tunaiita Castle tu, kama tulivyowasikia wazee wakiiita. Nimepita hapo tangu nikiwa mtoto wa kushikwa mkono, na bado kila nikiyaona matao yake meupe na baraza lake lililoielekea barabara, moyo wangu hutulia.

Jengo hili ni la mwaka 1909. Pembe zile nne kubwa, za mfano wa pembe za ndovu, zilizopinda juu ya barabara na ambazo wageni hupigia picha, zilisimamishwa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya ziara za jamaa ya kifalme ya Uingereza, kwa hiyo hoteli ilikuwa imeshatimiza miaka arubaini na zaidi pembe zilipokuja kuwa jirani zake. Barabara yenyewe ilikuwa ikiitwa Kilindini, na juu yake zilipita reli nyembamba za matoroli, ambamo bwana mkubwa aliketi chini ya kivuli cha turubai huku watu wawili wakimsukuma kwa mikono kutoka mjini hadi bandarini. Reli kubwa ya kwenda bara, iliyoanza kujengwa hapa mwaka 1896, ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901. Serikali ya wakoloni ilihamishia makao yake Nairobi mwaka 1905, lakini hapakuwa na njia nyepesi ya kufika huko bila kupitia kwetu. Hata Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alishukia Mombasa mwezi Aprili mwaka huohuo wa 1909, akapanda gari la moshi kwenda kuwinda bara.

Meli ilikuwa na siku yake na gari la moshi lilikuwa na siku yake, na msafiri aliyekwama katikati alihitaji kitanda, maji ya kuoga na mahali pa kuketi. Mahoteli ya mjini yalizaliwa katika pengo hilo. Mombasa ilikuwa imepokea wageni kwa mamia ya miaka kabla ya hapo, lakini kwa desturi nyingine: mabaharia na wafanyabiashara wa Omani, Hadhramaut na Bara Hindi waliletwa na kaskazi, wakangoja kusi iwarudishe, na kwa miezi hiyo walilala vyomboni mwao au katika nyumba za wenyeji waliofahamiana nao, pengine hata wakaoa. Kumlipisha mgeni kitanda kwa hesabu ya usiku mmoja mmoja lilikuwa jambo geni, nami nadhani hatujalitafakari vya kutosha, namna lilivyobadilisha maana ya neno mgeni katika mji huu.

Ninachokipenda zaidi pale ni baraza. Katika Mji wa Kale, baraza ni lile benchi la mawe lililoshikana na ukuta, mlangoni, ambapo mwenye nyumba humkaribisha mpita njia, wakanywa kahawa tungu na kuulizana habari pasi na mgeni kuingia ndani. Aliyeichora Castle huenda hakuwa na fikira hiyo, lakini alijenga jambo lilelile: mahali ambapo hoteli na barabara hutazamana. Tofauti ni kwamba kwa miaka mingi ya ukoloni, katika mahoteli ya namna hii, mtu kama babu yangu hakuwa na kiti. Babu alikuwa dobi. Vitambaa vya meza vya hoteli mojawapo ya mjini vililetwa kwake katika mafurushi, akavifua, akavitia wanga, akavipiga pasi ya makaa mpaka mikunjo ikasimama kama imekatwa kwa kisu. Alivijua kwa madoa yake, hiki cha mvinyo, hiki cha mchuzi, lakini hakuwahi kukiona hata kimoja kikiwa kimetandikwa mezani.

Mwaka 1942 kikosi cha majini cha Waingereza kilihamia Kilindini kutoka Colombo, na mji ukajaa sare nyeupe. Baadaye mjomba wangu, aliyefanya kazi bandarini, alikuwa akiniambia, "Mwanangu, ukitaka kujua ni meli gani imeingia, usije gatini, nenda ukatazame viti vya Castle." Viti hivyo vilianza kupungukiwa polepole. Nyali Beach Hotel ilikuwa imefunguliwa mwaka 1946, Mfereji wa Suez ukafungwa kuanzia 1967 hadi 1975, ndege ikachukua abiria wa meli, na daraja jipya la Nyali la mwaka 1980 likaufanya ufuo kuwa karibu kabisa. Mtalii akawa anatolewa uwanja wa ndege na kupelekwa moja kwa moja pwani, bila kuiona Barabara ya Moi. Mwaka 2017 gari moshi la abiria nalo likahamia Miritini, nje ya kisiwa. Hoteli iliyozaliwa na meli na reli ikawa imefiwa na wazazi wote wawili.

Tunaposema urithi wa Mombasa, fikira zetu hukimbilia Ngomeni, yaani Fort Jesus, na milango ya nakshi, na ni haki yake. Ngome ilianza kujengwa mwaka 1593 na tangu 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini naumia ninapoona majengo ya mwanzo wa karne ya ishirini yakihesabiwa kuwa si ya kale vya kutosha, ilhali ndiyo yaliyoshuhudia babu zetu wakisukuma matoroli na kubeba mizigo.

Niliingia, nikaketi barazani, nikaagiza chai ya tangawizi. Meza ya pili wanawake wawili wa makamo, waliovaa mabuibui, walikuwa wamefungua faili la karatasi za kiwanja na kujadiliana kwa sauti ya chini. Kijana mhudumu aliniambia, "Karibu, mama," akatandika kitambaa cheupe mbele yangu. Kilikuwa bado kina mkunjo wa pasi katikati, nami nikapitisha kidole juu yake, kutoka ukingo hadi ukingo, kabla chai haijafika.