Bafe ya Da Nang, wali uache

Ndiyo kwanza tunatoka kwenye bafe ya vyakula vya baharini, hoteli moja ya kifahari hapa Da Nang, Vietnam.

Wali na tambi, pita kando. Anza na vya baridi: chaza wabichi na kamba juu ya barafu. Barafu ikishayeyuka, chaza wanaelea majini, hao waache.

Halafu nenda kwenye mkaa. Chaza wa kuchoma hupakwa mafuta ya majani ya kitunguu, juu karanga zilizopondwa. Kombe wa mvuke na mchaichai, asiyefunguka usihangaike naye kwa kisu.

Ila mambo yote yako kwenye kile kibakuli kidogo cha kuchovea: chumvi, pilipili manga na ndimu. Wenyewe wanaita muối tiêu chanh. Kamulia ndimu pale unapokula tu. Ukiwahi, chumvi inayeyuka yote, unabaki na maji makali. Ikiwa bado chenga chenga, inashika kwenye nyama ya kaa… we acha tu!

Bei ukiiona na ++, jua kodi na huduma havijahesabiwa. Na sahani ikirudi imejaa, kuna mikahawa inatoza faini.

Haya, nani angeanza na kaa, nani na chaza?