Cheti kilinisaidia kukataa, jicho likachagua: jinsi tulivyopata almasi ya radianti

Mchumba wangu alipoulizwa anataka jiwe la namna gani kwenye pete yake, alitaja mambo mawili ambayo niliyadhani hayapatani: alitaka umbo la mstatili lililotulia, si duara, na papo hapo alitaka jiwe liwake kama almasi ya duara inavyowaka. Sonara wa kwanza tuliyemwendea alitabasamu na kusema kwamba anachokitaka kina jina, nalo ni mkato wa radianti. Nilitoka pale nikiamini kwamba kilichobaki ni kuhesabu fedha tu. Ilinichukua miezi miwili kutambua kwamba kazi yenyewe ndiyo kwanza ilikuwa imeanza.

Kwa kawaida almasi za mraba au mstatili zilikatwa kwa mtindo wa ngazi, yaani nyuso ndefu na nyembamba zinazoshuka sambamba kuelekea kitovu cha jiwe kama vidato, na uzuri wa mkato huo ni wa utulivu, kwa kuwa miali yake ni michache na mipana, na ukilitazama jiwe kwa juu ni kama unachungulia maji ya kisima. Almasi ya duara ya kisasa, yenye nyuso 57 au 58, hufanya kinyume chake: huuvunja mwanga na kuurudisha vipande vipande. Mwaka 1977 mkataji wa New York aliyeitwa Henry Grossbard aliikutanisha mitindo hiyo miwili. Aliliacha jiwe likiwa na umbo la mstatili, akapunguza pembe zake nne, kisha akapanga nyuso 70 kwa mtindo wa almasi ya duara, juu kwenye taji na chini kwenye tumbo la jiwe. Siku hizi radianti hukatwa na watu wengi katika nchi nyingi, na kila mmoja huzipanga nyuso za tumbo kwa namna yake, kiasi kwamba mawe mawili yenye jina moja yanaweza kuwa na tabia mbili tofauti kabisa.

Sikulijua hilo nilipokabidhiwa cheti cha kwanza. Kilikuwa cha GIA, taasisi ya Marekani inayopima vito, nami nilikisoma mara tatu nikilitafuta neno radianti nisilione popote, hadi nikaanza kumtazama muuzaji kwa jicho la shaka. Kumbe taasisi hiyo hueleza umbo badala ya kutumia jina la biashara, kwa hiyo jiwe letu lilikuwa limeandikwa kwa maneno marefu yenye maana ya mstatili uliokatwa pembe, wa mtindo wa brilianti, yaani ule wa almasi ya duara, uliorekebishwa. Nilicheka, nikaomba radhi kimoyomoyo. Pengo la pili katika cheti halikunichekesha. Almasi ya duara huandikiwa daraja la mkato, na mnunuzi anaweza kuliegemea daraja hilo kwa kiasi kikubwa, lakini katika vyeti vyote vya radianti nilivyovishika halikuwamo. Kulikuwa na daraja la usuguaji na daraja la ulinganifu tu. Usuguaji bora maana yake ni kwamba nyuso zimelainishwa vizuri, na ulinganifu bora maana yake ni kwamba zimekaa mahali pake. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo viwili kinachosema kama mwanga unaoingia juu utarudi machoni mwako au utapenya na kupotelea chini.

Hivyo nilijifunza kukitumia cheti kukataa, na siyo kuchagua. Chukua mfano wa mawe mawili ya karati 1.50, yaani miligramu 300 kila moja. La kwanza lilikuwa na urefu wa milimita 7.4, upana wa 6.1 na kina cha 4.1. La pili lilikuwa na urefu wa 7.0, upana wa 5.8 na kina cha 4.55. Ukigawanya kina kwa upana, la kwanza linapata asilimia 67 na la pili asilimia 78, na tofauti hiyo ndiyo inayoeleza uzito wa jiwe la pili umejificha wapi: umejificha tumboni, mahali ambapo hautaonekana kamwe likishafungwa kwenye pete. Kwa juu jiwe hilo ni dogo kwa karibu sehemu moja ya kumi, ilhali unalilipia uzito uleule. Sikuona sababu ya kumlaumu mkataji, kwa maana bei ya karati huruka inapofika namba fulani kama 1.00 au 1.50, na kila mwenye jiwe ghafi hutamani kuvuka kizingiti hicho hata kwa kuacha kitambi. Tangu siku hiyo niliacha kuuliza karati kwanza, nikawa nauliza milimita. Jiwe la karati 1.42 lililokatwa vizuri linaweza kuonekana kubwa kuliko la 1.50 lenye kitambi, na kwa kawaida litakuwa nafuu pia.

Nilijiwekea mipaka ambayo si sheria ya mtu yeyote: kina kati ya asilimia 61 na 69, meza, yaani uso bapa wa juu, isiyopita asilimia 70 ya upana au karibu na hapo, na kiuno, ule ukingo unaolizunguka jiwe, kisicho chembamba mno, kwa kuwa almasi ni ngumu kuliko madini yote ya asili lakini hupasuka ikigongwa vibaya kwenye ukingo mwembamba. Kuhusu uwiano wa urefu kwa upana, mchumba wangu ndiye aliyeamua. Jiwe lenye uwiano wa 1.00 hadi 1.05 macho hulipokea kama mraba, na lenye 1.30 na kuendelea hukirefusha kidole. Tulikata vipande vya karatasi kwa vipimo halisi, akavilaza kidoleni kimoja baada ya kingine, akakataa mraba mara moja na kubaki kwenye 1.20 na kitu. Zoezi hilo halikutugharimu chochote, na lilituondolea nusu ya orodha.

Baada ya mchujo huo yalibaki mawe matatu ambayo karatasi zake zilikuwa kama mapacha. Sonara aliyapanga kwenye kitambaa cheusi chini ya taa zake, na yote matatu yaliwaka vizuri mno. Taa za duka la vito zimewekwa kwa kazi hiyo. Chini yake hata kipande cha chupa kitajitahidi. Niliomba tuyasogeze dirishani, upande usiopigwa na jua, na hapo ndipo kila jiwe lilipoanza kusema lake. La kwanza liligawanya mwanga kuwa chembe ndogo ndogo zisizohesabika, mwonekano ambao wafanyabiashara huufananisha na barafu iliyopondwa. Nilivutiwa nao kwa dakika moja, kisha nikaona kwamba katikati kuna ukungu wa kijivu ambao hauondoki hata ukiligeuza jiwe. La pili lilikuwa na kivuli cheusi kilichokatiza tumbo lake kwa upana, mfano wa tai ya kipepeo. Kivuli hicho hutokea sana katika mawe marefu, pale nyuso za katikati zinapoakisi kichwa cha mtazamaji badala ya kuakisi mwanga wa chumba. Kidogo huvumilika, na wengine husema huliongezea jiwe uhai, lakini hiki kilikaa pale pale hata nilipojisogeza kando. La tatu lilikuwa na nyuso zinazoonekana, pana kiasi, zikiwaka na kuzima kwa zamu kadiri mkono ulivyoinama, mpaka kwenye pembe. Mchumba wangu alilishika kwa koleo ndogo, akaliinamisha mara tatu kwa kimya, kisha hakuyatazama tena yale mengine.

Ni kweli kwamba wapo wanaoupenda ule mwonekano wa barafu, na sitawabishia, kwa sababu radianti nyingi zimekatwa kwa kusudi hilo hilo. Ninachosema ni kwamba barafu njema huwaka hadi katikati. Kama unanunua kwa mtandao, video zinazozungusha jiwe chini ya taa kali hazitoshi. Omba urushiwe nyingine iliyopigwa kwa simu, jiwe likiwa mkononi, kivulini.

Rangi ilihitaji mawazo zaidi kuliko usafi. Mizani ya rangi huanzia D, ambayo haina rangi kabisa, hadi Z, yenye umanjano au ukahawia unaoonekana waziwazi. Mkato wa radianti huikusanya na kuikoleza rangi iliyomo ndani ya jiwe, na ndiyo sababu almasi za manjano zenyewe hukatwa hivyo mara nyingi, ili manjano yao yaive. Kwa anayetaka jiwe jeupe, sifa hiyohiyo humgeukia. Njia tuliyoitumia ni kulilaza jiwe kichwa chini juu ya karatasi nyeupe na kulitazama kwa ubavu. Umanjano hujitokeza kwanza kwenye pembe. Kwa kuwa pete yenyewe ingekuwa ya dhahabu ya manjano, ambayo hulipaka jiwe joto kidogo hata lingekuwa jeupe namna gani, daraja la H lilitutosha. Kwa platini au dhahabu nyeupe ningepanda hadi G au F.

Usafi ndipo radianti inapomhurumia mnunuzi. Mwanga uliovunjikavunjika huficha vidoa, kwa hiyo jiwe la daraja la VS2, lenye vidoa vidogo sana, na mara nyingine hata SI1, lenye vidoa vidogo, laweza kuonekana safi kwa macho matupu. Mambo mawili niliyachunguza kwa lenzi ya kukuza mara 10: doa jeusi chini ya meza, kwa sababu nyuso za chini huweza kuliakisi likaonekana mara nne au tano, na ufa wowote unaoanzia pembeni, mahali ambapo fundi atabana makucha ya pete. Pembe zilizopunguzwa ni nafuu kubwa katika hilo, kwani hazivunjiki kirahisi kama pembe kali za almasi ya mraba. Almasi za maabara tulizitazama pia, nazo ni almasi kweli kwa kemia na kwa ugumu. Zipitishwe kwenye majaribio yaleyale ya dirishani, pamoja na kutazama kama zina utusitusi wa maziwa au dalili ya ubuluu.

Mchumba wangu ni muuguzi, huvaa na kuvua glavu siku nzima, hivyo tulimwomba fundi alikalishe jiwe chini kadiri inavyowezekana, kwa makucha manne mafupi yaliyolala juu ya pembe. Siku ya kuichukua pete niliomba lenzi tena na kusoma namba iliyochorwa kwa leza kwenye kiuno cha jiwe, tarakimu moja baada ya nyingine, nikiilinganisha na ya kwenye cheti. Fundi alinisubiri bila kununa.

Wiki tatu baadaye mchumba wangu alinitumia picha ya mkono wake na swali moja: mbona limefifia? Nami, baada ya miezi yote ile ya vipimo na madirisha, moyo ulinipasuka. Jioni tukaliosha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini, tukisugua zaidi upande wa tumboni, ambako mafuta ya kujipaka yalikuwa yameganda, kwa kuwa almasi hunasa mafuta kuliko nilivyowahi kufikiri. Aliifuta pete, akaisogeza chini ya taa ya jikoni na kuuinamisha mkono taratibu, na nyuso zikaanza tena kuwaka na kuzima kwa zamu.