Mnakwenda kwa nani?

Juzi binti ya dada alikuwa anatafuta karatasi za kufunikia madaftari ya shule, akaibuka na lile daftari letu la safari ya kisiwa cha Mafia. Akalifungua katikati, akasoma kwa sauti kama mtangazaji wa matangazo ya vifo: nauli, gesti, boti ya papa potwe, chakula, dharura, Mama. Akaniangalia.

"Mamdogo, huyu Mama ni bibi? Mbona na yeye ana bei?"

Nikamwambia akamuulize mama yake. Mama yake akamrudisha kwangu.

Ilikuwa Novemba 2014. Zamu yangu ya mchezo wa upatu ilikuwa imefika, na dada ndiyo kwanza alikuwa ametoka kwenye yale mambo yake. Akanipigia usiku: "Mdogo wangu, nimechoka kupanda mabasi kwa ajili ya misiba tu. Tutafute mahali tukakae, tusimzike mtu." Zanzibar tuliifuta mapema, ukikaa Forodhani na sahani yako, hujamaliza mshikaki wa kwanza umeshakutana na mtu wa ofisini. Ikabaki Mafia.

Tuliipanga ile safari kama harusi. Ndege kutoka Dar ni mwendo wa nusu saa hivi, lakini tiketi za watu wawili zingeumeza mchezo wote na kudai chenji. Kwa hiyo ni basi la Mbagala Rangi Tatu mpaka Nyamisati, halafu boti hadi Kilindoni, kule Mafia. Siku hizi kuna kivuko, wakati ule zilikuwa boti za mbao, na zilisubiri maji yajae ndipo zitoke kwenye mkondo wa mikoko. Dada akatafuta kalenda ya mwezi mwandamo, tukachagua wiki ya bamvua, maji yanapojaa zaidi. Papa potwe, wale samaki wakubwa tuliokuwa tunawafuata, wanaonekana kuanzia Oktoba mpaka Machi, hapo tulikuwa salama.

Kilichotufurahisha kuliko vyote ni jiografia. Hoteli nzuri ziko Utende, upande wa mashariki, ndani ya Hifadhi ya Bahari, na ukipita lile geti unalipa kwa kila siku unayokaa. Papa potwe wenyewe lakini wanakuja upande wa Kilindoni, nje ya geti, wakifuata dagaa na uduvi. Maana yake mwenye gesti ya feni na ndoo ya maji yuko jirani na samaki kuliko mwenye bwawa la kuogelea. Dada alicheka mpaka akakohoa. Hata hivyo tukatenga siku ya kuingia Utende na kuvuka mpaka Chole, tukaone magofu na wale popo wakubwa. Hesabu ikakaa sawa, shilingi kwa shilingi.

Isipokuwa Bungu. Barabara ya Nyamisati inachepukia Bungu, na Bungu ndiko kwa mama. Hupiti Bungu bila kumwamkia mama. Tena kulala kwake kungetuokolea hela ya gesti, nasi tukaliandika hilo kwenye faida.

Tulimkuta chini ya mwembe, miguu ameinyoosha, rundo la mabibo mbele yake. Msimu wa korosho. Alikuwa analishika bibo kwa mkono wa kushoto, anazungusha korosho kwa kidole gumba na cha shahada, inatoka na kamlio kadogo, anaitupa kwenye ndoo bila kuangalia. Bibo linakwenda kwenye beseni. Hewa yote ilikuwa ile harufu tamu ya mabibo yaliyoanza kuchacha, na nzi wamejaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kafa nani?"

"Hajafa mtu, mama. Tunakwenda Mafia."

"Kwa nani?"

"Tunatembea tu."

"Ndiyo, mnatembea kwa nani?"

Dada akanitazama, nami nikatazama ndoo. Korosho zikaendelea kudondoka, ta, ta, ta. Dada akaanza kueleza, kwamba watu wanapumzika siku hizi, kwamba hata daktari anashauri, na kila sentensi aliyoitoa ilikuwa inazidi kuonekana ya mtu mwingine. Mama hakubisha. Akauliza tuna hela ngapi. Dada, sijui alifikiria nini, akafungua daftari akamsomea lote.

"Dharura ndiyo nini?"

"Likitokea tatizo, mama."

Mama akazungusha korosho nyingine. Hii ilikataa kutoka. Akaitazama, akaibana kwa kucha, ikatoka. Akajifuta utomvu kwenye khanga.

"Na tatizo langu liko ukurasa gani?"

Hakusema kingine. Hakuwa na haja, maana vibarua wa kuokota korosho wanataka chao jioni, na hela ya korosho yenyewe inakuja baada ya mnada, Mungu akipenda. Tulilijua hilo tangu tuko shule ya msingi. Zilizotusomesha ni hizo hizo. Dada akachomoa kalamu kwenye nywele, akaandika chini ya dharura: Mama. Halafu akakata mstari juu ya Utende na Chole.

Safari yenyewe nitaisimulia kwa kifupi. Tulitoka Nyamisati usiku wa manane tukiwa tumekalia magunia, dada akatapika mpaka Kilindoni. Papa potwe tuliwaona. Nilishuka majini na boya, kivuli chenye madoa meupe kikapita chini yangu mdomo wazi, nikasahau kuogopa. Popo hatukuwaona.

Wakati wa kurudi tukapita tena kwa mama na mfuko wa dagaa. Akauliza huyo samaki yukoje. Nikamwonyesha: kutoka kwenye mwembe mpaka mlango wa choo. Akapima kwa macho.

"Na hamkumla."

"Haliwi, mama. Anatazamwa."

"Mmelipa, mkamtazama, mkamwacha." Akachambua dagaa, akasema wana mchanga. Kesho yake tulimsikia akimwambia jirani kwamba wanawe walitumwa Mafia na serikali.

Dada anasema ile ilikuwa kodi ya barabara. Mimi siku nyingine nakubaliana naye, siku nyingine nafikiri tungesema semina tangu mwanzo, ingawa hela ya vibarua ingetoka wapi sijui. Mwaka huu anataka twende Chole kwa ajili ya wale popo, ila tupite Bungu usiku, mama amelala. Nimemkumbusha kwamba basi linasimama pale kushusha abiria, na nusu ya abiria wanatujua.