Boti gani, fimbo gani safari hii
Jamani kesho kutwa tunaenda kuvua kwa flai, yaani chambo bandia chepesi cha kufanana na mdudu, na mimi huwa naangalia maji kwanza ndo nachagua boti, mto ukiwa na mawe na maji ya kasi nabeba ile ya kupuliza maana ikigonga jiwe inadunda tu inaendelea, ziwa likitulia kayaki, kile kiboti chembamba cha kupiga kasia, inatosha kabisa. Fimbo ya kuvulia sasa! Namba 5 (namba ni uzito wa mshipi inaorusha, kubwa ndo nzito) ya futi 9 kwa samaki wa trauti haiachwi nyumbani, ila upepo ukiwa mkali namba 8 ndo inarusha mshipi ukafika. Ziwani naongeza mshipi wa kuzama, jua likiwaka samaki wanashuka chini. Laifu jaketi kila mtu avae, hapo sibishani. Na nanga mtoni naifunga nyuma, ubavuni kamwe, mkondo unapindua boti fasta.