Dakika chache za saruji kwenye nyonga iliyovunjika

Saruji ya mfupa si gundi. Unga wa gramu 40 huchanganywa na kimiminika cha takriban mililita 20, ukawa uji mzito unaojipenyeza kwenye vitundu vya mfupa, ukapata joto, kisha ukaganda na kulikamata shina la nyonga bandia. Zamani lawama ya ajali za saruji, yaani presha na oksijeni kushuka ghafla saruji inapowekwa, ilitupiwa kimiminika hicho. Leo wataalamu wengi wanaona kisababishi kikuu ni msukumo.

Saruji na shina vikishindiliwa ndani ya mfupa wa paja, uboho, mafuta na hewa vilivyomo havina pa kukimbilia ila kwenye vena, mishipa inayorudisha damu moyoni. Vinapitia upande wa kulia wa moyo na kwenda kuziba mishipa midogo ya mapafu. Ventrikali ya kulia, chumba cha moyo kinachosukuma damu mapafuni, ina kuta nyembamba. Ikikutana na ukinzani wa ghafla hutanuka, hubonyeza ukuta wa kati, na upande wa kushoto hukosa damu ya kujaza. Ndipo presha na oksijeni hushuka, na mara chache moyo husimama kabisa.

Je, tuachane na saruji? Hapana. Jaribio lililofanyika Uingereza kwa wagonjwa 1,225 wenye umri wa miaka 60 au zaidi, na kuchapishwa mwaka 2022, lilionyesha kuwa mfupa ulivunjika tena kando ya kipandikizi kwa asilimia 0.5 ya waliowekewa saruji, na asilimia 2.1 ya wasiowekewa. Kuvunjika huko kwa mzee aliyekwisha dhoofika ni balaa.

Hatari inapunguzwa kwa mikono. Mfereji wa mfupa uoshwe vizuri kwa maji ya shinikizo na ukaushwe, maana mafuta yaliyotoka hayawezi kufika mapafuni. Kizibo kiwekwe chini, mrija wa kufyonza ubaki ndani, saruji ijazwe kwa bunduki yake kuanzia chini kupanda juu. Kwa mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu, anayetumia dawa za kukojosha, au mwenye saratani iliyofika mfupani, usishindilie kwa nguvu.

Kabla ya kuanza, mpasuaji atamke wazi kwamba saruji inaingia, na mtaalamu wa usingizi ajibu kuwa yuko tayari: dawa za kupandisha presha ziko kwenye sirinji, presha inapimwa mara kwa mara, na sistoli, yaani namba ya juu ya presha, haishuki zaidi ya asilimia 20 chini ya kiwango cha awali. Kwa aliyelazwa usingizi kamili, dalili ya kwanza mara nyingi ni kushuka kwa kaboni dioksidi ya pumzi. Aliyechomwa ganzi ya mgongo huanza kuhema au kuchanganyikiwa, msikilize anapolalamika.

Ajali hiyo ikitokea, toa oksijeni asilimia 100 na tibu kama ventrikali ya kulia iliyoshindwa, dawa za kubana mishipa na za kuimarisha moyo zikitangulia. Maji ya mshipa yaende kwa kipimo, kwani ventrikali iliyokwisha kutanuka ikimiminiwa mengi huzidi kulemewa.